Barua kwa Mwalimu Aliye Hai

Mwezi wa Oktoba 1957 ilitangazwa mjini Stockholm kuwa Tuzo ya Nobel ya fasihi ya mwaka ule imemwangukia Albert Camus, mwandishi wa Kifaransa aliyezaliwa na kukulia Algeria. Tarehe 19 Novemba, kelele za pongezi zilipopungua, aliketi akaandika barua fupi. Hakumwandikia waziri wala mchapishaji. Alimwandikia Louis Germain, mwalimu aliyemfundisha shule ya msingi mjini Algiers zaidi ya miaka 30 iliyopita. Alimweleza kuwa alipopata habari ile, baada ya mama yake mzazi, mtu wa kwanza aliyemjia moyoni alikuwa yeye mwalimu.

Sababu yake yafaa kuelezwa hapa visiwani. Baba yake Camus alikufa vitani mwaka 1914, mtoto hajatimiza mwaka. Mama yake hakujua kusoma, masikio yake yalikuwa mazito, naye akiishi kwa kusafisha nyumba za watu. Mwenye amri nyumbani alikuwa bibi, na shauri la bibi lilikuwa moja: kijana amalize darasa, atafute kazi, alete mshahara. Haukuwa uovu wa moyo. Ilikuwa hesabu ya chungu na moto. Mwalimu Germain alimfundisha yeye na wenzake wachache baada ya masomo, bila ya malipo, wapate kushindania msaada wa masomo ya sekondari. Kisha akafanya jambo lisiloandikwa katika kanuni yoyote ya kazi: alikwenda nyumbani kwao akazungumza na bibi mpaka bibi akaridhia. Mwaka 1924 kijana alifaulu.

Tusiipambe mno hadithi hii. Shule ile ilikuwa ya dola ya kikoloni, na watoto walio wengi wa wenye nchi, Waarabu na Waberiberi, hawakuipata nafasi kama ile. Kwetu Unguja na Pemba mlango ulifunguliwa tarehe 23 Septemba 1964, ilipotangazwa elimu bila ya malipo. Lakini ada ikiondoka, hesabu ya chungu hubaki pale pale, na hapo ndipo anapohitajika mwalimu wa kubisha hodi.

Mimi nilibishiwa hodi hiyo. Ulikuwa msimu wa karafuu, nami nilikwisha kosa shule wiki mbili. Mwalimu alikuja kwa baiskeli, akaiegemeza kwenye mnazi, akakaa barazani na bibi yangu. Bibi akamwambia, "Mwanangu, karafuu hazingoji." Akajibu, "Ni kweli, bibi yangu, na mtihani nao haungoji." Walikaa kimya kitambo. Mwishowe mwalimu akasema kuwa mtoto arudi darasani, na zile pishi zake yeye atazifidia. Nilidhani ni maneno ya kumstahi mzee. Jumapili alfajiri alikuja na pakacha lake, akapanda mkarafuu, akachuma hadi jua la utosi, na jioni akakaa jamvini na watoto kuchambua. Alikuja hivyo mpaka mtihani ukapita.

Tangu nishike kalamu kwa riziki nimewaandikia watu wa kila daraja. Yeye sikumwandikia hata mstari. Niliposikia kuwa amestaafu, nilisema nitakwenda. Niliposikia kuwa anazunguka katika ofisi moja akidai kiinua mgongo chake, anaketi kwenye benchi tangu asubuhi na kuambiwa faili halijaonekana, nilisikitika, nikasema nitakwenda. Nilikwenda kwenye khitma yake. Nilizungumza vizuri, watu wakanisifu, nami nikaona haya njia nzima ya kurudi.

Ndani ya ofisi ile walikuwamo waliojifunza alifu kwa ujiti kwake. Siwalaumu kwa ukatili; hapana aliyemkusudia baya. Kila mmoja aliliona faili, hakumwona mtu. Ndugu maofisa mnaoisoma safu hii, mkiliona benchini joho kuukuu na miwani iliyofungwa uzi, muulizeni mwenyewe alifundisha skuli gani na mwaka gani, kabla ya kumwambia aje kesho.

Camus aliyatoa kwa jina la mwalimu wake maneno aliyoyasema Sweden, yakachapwa hivyo mwaka 1958. Tarehe 4 Januari 1960 alikufa katika ajali ya gari, umri wake miaka 46. Mwanafunzi ndiye aliyetangulia. Mwalimu alibaki na barua yake.

Yuko bado mwalimu wangu wa hesabu, mzee sana, kijijini kaskazini. Juzi nilimwandikia, kurasa mbili, kwa herufi kubwa kwa sababu ya macho yake, nikampa dereva wa gari la shamba. Jana dereva ameniambia kuwa mzee alimtaka asubiri, akaingia ndani, akatoka na kalamu nyekundu.