Je, Wajua? Baridi Hutuliza Muwasho Kuliko Kucha

Mbu akikuuma, ngozi hutoa kemikali iitwayo histamini, nayo huamsha neva nyembamba zinazopeleka muwasho kwenye ubongo kupitia uti wa mgongo. Kujikuna huleta nafuu ya muda mfupi tu, kisha ngozi huchubuka na kuwasha zaidi.

Heri baridi. Neva za ngozi zina vipokezi vya ubaridi, na vikiamka, ujumbe wa muwasho hufifia ukiwa bado kwenye uti wa mgongo. Mentholi, ile iliyomo kwenye dawa nyingi za kuchua, huamsha vipokezi hivyohivyo. Ndiyo iliyowasaidia David Julius na Ardem Patapoutian, washindi wa Tuzo ya Nobeli ya tiba ya 2021, kuvigundua, kila mmoja kwa utafiti wake. Nyumbani, kitambaa kilicholoweshwa maji baridi, au barafu iliyofungwa kwenye taulo, kwa dakika 5 hadi 10, chatosha. Barafu tupu isiguse ngozi, kwani huiunguza.

Joto linataka tahadhari zaidi. Vipo vifaa vidogo vinavyopasha mahali palipoumwa hadi nyuzi 50 hivi kwa sekunde chache, na muwasho hupungua. Kijiko cha moto hakina kipimo hicho; tafadhali usimwekee mtoto. Mwenye pumu ya ngozi aoge maji ya uvuguvugu, kwa kuwa ya moto huondoa mafuta ya ngozi, kisha ajipake mafuta mwili ungali na unyevu.

Muwasho unaozidi usiku na kuwasumbua watu kadhaa nyumbani huenda ni upele. Huo hutibiwa kwa dawa, tena familia nzima kwa pamoja.