Msafara Ukishapita

Mimi ni fundi baiskeli, Singida mjini, kando ya barabara inayotoka Dodoma. Misafara ya hisani hunifikia ikiwa imeshachoka. Waendeshaji wametoka kupanda mlima wa Saranda kabla ya Manyoni, wamepigwa na upepo wa Ikungi, na baiskeli zao za gia nyingi zimetobolewa na mbigili sawa na Phoenix ya mwanakijiji yeyote. Nawazibia pancha, nawanyooshea ringi, nao huniuliza mteremko wa Sekenke ulioko mbele ukoje. Nawaambia wachunge breki wakishuka kwenda Shelui.

Wengi wanaujua msafara wa Twende Butiama, ulioanza mwaka 2019 kumuenzi Mwalimu Nyerere. Unatoka Dar es Salaam hadi Butiama, na njiani hupanda miti na kutoa madawati na huduma za afya. Kule Kilimanjaro, mgodi wa Geita umekuwa na Kili Challenge tangu 2002: wengine hupanda mlima, wengine huuzunguka kwa baiskeli, kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI. Benki ya CRDB ilianza marathoni yake 2020 kuchangia upasuaji wa moyo wa watoto.

Zipo pia safari za kuchangia watoto wenye ulemavu, nazo huendeshwa hivi. Kampuni hutangaza lengo. Mfanyakazi hulipa kiingilio au hukusanya ahadi kwa ndugu na marafiki, kampuni huongeza chake, na wadhamini hulipia nembo zao kwenye jezi. Mimi huuliza nani analipa mafuta ya magari ya kusindikiza na vyumba vya wageni. Huko Massachusetts, Marekani, safari ya Pan-Mass Challenge, iliyoanza 1980 kuchangia utafiti na tiba ya saratani, imeweka mambo wazi: wadhamini na ada za kujiandikisha hubeba gharama, na alichochangisha mwendeshaji chote kinakwenda kwenye utafiti na tiba hiyo. Huku kwetu sijaona bango linaloeleza hivyo.

Ila kinachonikera zaidi hukiona hapa kijiweni, miezi kadhaa baada ya picha kupigwa.

Mama mmoja wa Puma alishuka kwenye Hiace na mtoto mgongoni, kiti mwendo kikiwa kimefungwa juu ya paa. Mtoto ana mtindio wa ubongo, na kwa umri alishafaa kuwa shuleni. Kiti kilitoka kwenye hafla ya kampuni fulani, na kilikuwa kizuri kweli, ila kwa sakafu ya hospitali. Vigurudumu vya mbele vilikuwa vinazama kwenye mchanga. Golori zilikuwa zimeingia vumbi hadi grisi imegeuka msasa. Tairi la nyuma lilikuwa limechanika, nalo ni la inchi 24, jembamba, wakati maduka ya hapa yamejaa ya 26 na 28. Nilikata kipande cha bomba la maji, nikakizungusha kwenye ringi na kukikaza kwa waya. Kiti kikatembea, kwa kelele.

Upana wa kiti ulinishinda. Kilitengenezwa kwa mtu mzima, na mama alikuwa anajaza kanga pembeni ili mtoto asilale upande. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinieleza baadaye kwamba mtoto akikaa vibaya muda mrefu, mgongo hupinda na ngozi hutoka vidonda. Akanionyesha mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2008 kuhusu viti mwendo. Una hatua nane, kuanzia kumpeleka mtu kwa mtaalamu na kumpima, na ya nane ni ufuatiliaji na matengenezo. Hafla nyingi nilizoziona huishia kwenye kukabidhi.

Wala si magurudumu tu. Shule ya Msingi Ikungi Mchanganyiko ina watoto wasioona na wenye ualbino. Karatasi za nukta nundu huisha, na mafuta ya kukinga jua huisha upesi zaidi. Vitu vya kuisha havipendezi kwenye picha, basi havina mchangishaji.

Msafara mmoja uliposimama kwangu, nilimwandikia kiongozi wao orodha kwenye kipande cha mfuko wa saruji: tairi za 24, tyubu, golori, spoku, grisi, na nauli ya mtu wa kupima watoto kabla viti havijanunuliwa. Aliisoma mara mbili, akaipiga picha, akaniuliza kama natoa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Nikamwelekeza duka la spea la mtaa wa pili, wao wanayo mashine.