Mbio za motokari usiku: kazi kubwa inafanyika mbele ya taa ya kijani

Motokari mbili zinasimama moja pembeni ya ingine. Taa ya kijani inawaka, na kisha sekunde kama 14 mbio imekwisha. Kwa macho ni mchezo mwepesi: njia iliyonyooka, motere mbili, na watu wa kupiga kelele. Lakini huko Marekani, kwenye mchezo huu unaoitwa drag racing ulizaliwa, klabu inayotaka kupanga usiku mmoja wa mbio kwa watu wa kawaida inajua kwamba kazi kubwa ni ile inafanyika mbele ya motokari ya kwanza kuondoka. Kazi ile ndiyo inatenganisha mchezo na ajali ya barabarani.

Ilitoka barabarani

Mbele na kisha Vita ya Pili ya Dunia, vijana wa California walikuwa wanachukua motokari za zamani, wanatengeneza motere ili ipate nguvu, kisha wanaenda kupimana mwendo kwenye maziwa yaliyokauka jangwani. Wengine hawakufika kule: walipimana usiku katika barabara za mji, katikati ya watu. Ajali zilikuwa nyingi, na polisi iliwafukuza.

Katika mwaka 1950, mbio za kupangwa zilianza kwenye uwanja wa ndege wa Santa Ana. Mwaka uliofuata, 1951, Wally Parks alianzisha shirika la NHRA ili kuweka kanuni moja kwa klabu zote. Katika mwaka 1954, shirika hilo lilituma kikundi kidogo kuzunguka inchi na vyombo vyao, kufundisha klabu za miji namna ya kupanga mbio bila kuua mtu. Mkubwa wa kikundi kile, Bud Coons, alikuwa polisi. Vijana waliona kwamba polisi si adui tu, na polisi nao waliona kwamba kijana akipewa mahali pake, anaacha barabara.

Mahali: njia ya kusimamia ni ya lazima

Mbio kamili ni ya mita 402. Klabu ndogo mingi zinatumia nusu yake, mita 201. Lakini motokari inayomaliza mita 402 katika sekunde 14 inavuka mstari na mwendo wa karibu kilometre 160 kwa saa. Haiwezi kusimama pale pale. Kwa hiyo mbele ya mstari wa mwisho kunatakiwa njia ingine ya kupunguza mwendo, na mara mingi inakuwa ndefu kuliko njia ya mbio yenyewe. Kunatakiwa tena njia ya kando ya kurudilia, ili motokari inayorudi isikutane na ile inayokuja. Watazamaji wanakaa nyuma ya ukuta wa beto, hapana pembeni ya gudroni.

Barabara ya mji haina hata kimoja kati ya vitu hivyo. Iko na mama anayevuka, pikipiki inayotokea kwenye avenue, na shimo ambalo halikuwa pale jana. Ndiyo maana shofere hodari sana anaweza kuua mtu barabarani, na yule anayejifunza anaweza kurudi nyumbani muzima kutoka kwenye uwanja.

Ukaguzi

Kila motokari inapita kwanza mbele ya mafundi wa klabu. Wanaangalia kama batri imefungwa nguvu, kama nati za magurudumu zimekazwa, kama mipira haijaisha, kama freni inakamata, na kama pedali ya kuongeza mwendo inarudi yenyewe mguu ukitoka. Wanaangalia sana mafuta ao maji yanayodondoka. Motokari moja ikimwaga mafuta kwenye njia, ile inayofuata itateleza, na usiku mzima unasimama ili kusafisha.

Mkaba wa usalama ni wa lazima. Katika kanuni za NHRA, shofere anayemaliza mita 402 kwa sekunde 13,99 ao chini yake anavaa kaske. Motokari zinazokuwa na mbio zaidi zinaombwa kuwekewa vyuma vya kulinda shofere kama zikipinduka. Aliyekosa anarudishwa, hata kama ni rafiki wa mkubwa wa klabu. Pale ndipo klabu inapimwa.

Ambulansi na kikundi cha kuzima moto vinasimama karibu na njia kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kama ambulansi imepeleka mgonjwa hospitali na hakuna ingine, hakuna motokari inayoondoka. Mvua ikinyesha, mbio inasimama. Hata umande wa usiku unaweza kufanya njia iteleze, kwa hiyo mtu mmoja anatembea kwenye njia akiipima.

Taa, na namna maskini anashinda tajiri

Tangu 1963, mbio inaanzishwa na nguzo ya taa. Katika mbio za watu wa kawaida, taa tatu za rangi ya machungwa zinawaka moja moja, nusu sekunde kati ya moja na ingine, kisha kijani. Anayeondoka mapema anawashiwa taa nyekundu, na amepoteza. Vyombo vinapima muda, na kila shofere anapewa karatasi yenye hesabu yake.

Karatasi ile inaruhusu mchezo wa haki. Shofere anaandika mbele muda anaofikiri atafanya. Mmoja akiandika sekunde 15,00 na mwingine 12,50, yule wa polepole anaachiwa kuondoka sekunde 2,5 mbele. Anayekimbia kupita muda alioandika anapoteza, isipokuwa mwenzake amekosea zaidi. Hivyo motokari ya familia inaweza kushinda ile ya pesa nyingi, kwa sababu anayeshinda ni anayejua motokari yake na anayeangalia taa vizuri. Kijana hana tena sababu ya kununua nguvu asiyoweza kuongoza.

Hata bila uwanja mkubwa

Wengine walianza na kidogo. Katika mji wa San Diego, watu wa chuo kikuu walianzisha katika mwaka 1998 mpango wa kuondoa mbio barabarani, na mbio za mita 201 zilifanyika kwenye parking ya uwanja wa mpira.

Kwa vijana wa miji yetu, wengi wakiwa na pikipiki kuliko motokari, somo halibadiliki. Klabu inayotaka kupanga mbio inaanza na karatasi: ruhusa ya meya ao ya msimamizi wa teritware, makubaliano na polisi ya barabarani, asiransi, na watu wa Msalaba Mwekundu. Kisha inatafuta mahali palipofungwa kabisa, penye nafasi ya kusimamia. Inachagua mafundi watakaokuwa na uwezo wa kumkatalia mtu. Kama kimoja kati ya hivyo kinakosa, usiku ule haujakuwa tayari, na klabu ya kweli inausogeza siku ingine bila haya.