Kompyuta Hukumbuka Namna Gani? Jaribuni kwa Transista Mbili



Mweka hazina wa kikundi kimoja alikuwa akiandika akiba za kina mama kwenye kompyuta. Stima ikapotea kabla hajahifadhi, kazi ya asubuhi nzima ikaenda. Watu wakaanza kunong'ona ati amekula pesa. Hakula. Vijana wenu wanaweza kuwaonyesha kilichotokea, mezani.

Tafuteni kwa fundi wa redio transista 2 aina ya BC547, taa ndogo 2 za LED, rezista 2 za omu 470 (manjano, zambarau, kahawia) na 2 za omu 10,000 (kahawia, nyeusi, rangi ya machungwa). Ongezeni waya na mawe 4 ya tochi yaliyofuatana, yaani volti 6. Stima ya ukutani msiiguse kabisa!

Transista ni kama lango la mfereji: mkondo mdogo ukiingia besi, mkubwa hupita kutoka kolekta hadi emita. Upande bapa ukikutazama, miguu chini, kutoka kushoto ni kolekta, besi, emita.

Emita zote ziende hasi. Kwa kila transista, toka chanya, pitia rezista ya 470, kisha LED (mguu mrefu uelekee chanya), fika kolekta. Sasa penye siri: rezista moja ya 10,000 itoke kolekta ya kwanza hadi besi ya pili, nyingine itoke kolekta ya pili hadi besi ya kwanza. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hivyo kagueni mara mbili.

Mkiunganisha mawe, taa moja itawaka. Ya pili itazima au itakuwa hafifu sana. Transista iliyofunguka humnyima mwenzake mkondo, na huyo aliyefungwa humwacha wa kwanza wazi. Kwa kipande cha waya, unganisheni besi ya upande unaowaka na hasi, halafu ondoeni. Taa itahamia ng'ambo na kubaki huko. Imekumbuka! Eccles na Jordan walibuni mpango huu Uingereza mwaka 1918 kwa valvu, kabla ya transista kuwako.

Hiyo ni "ndiyo" au "hapana" moja tu; herufi moja kwa kawaida huhitaji nane.

Sasa toeni jiwe moja, mrudishe. Huenda taa ikawaka upande ambao hamkuuacha, kwa sababu imesahau. Kumbukumbu ambayo kompyuta hufanyia kazi, hata ikiundwa kwa njia nyingine, husahau vivyo hivyo stima ikikatika. Kinachobaki ni kile kilichohifadhiwa kwenye diski.

Yule mweka hazina sasa huhifadhi kila amalizapo jina moja, na daftari la karatasi liko kando yake.