Viongozi wastaafu: Washtakiwe nyumbani au The Hague?

Kila inapozuka habari ya kiongozi mstaafu anayetuhumiwa kwa damu ya raia, barazani huibuka kauli mbili. Wapo wasemao apelekwe The Hague, kwa kuwa mahakama za nyumbani huwaogopa wakubwa. Wengine husema kumpeleka huko ni kulidhalilisha taifa, ashtakiwe hapa hapa. Watu wa Shinyanga na Geita hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano, kwani jambo hili liliwahi kuwafika.

Mwaka 1976 vyombo vya dola viliendesha msako katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, kukomesha mauaji ya vikongwe waliodhaniwa kuwa wachawi. Geita wakati huo ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mwanza. Nia ilikuwa njema, lakini njia iliyotumika ilikuwa dhulma. Watu wengi walikamatwa, wakateswa ili wakiri, na baadhi yao wakafia mahabusu. Waliotumwa kuzuia mauaji wakawa wao ndio wauaji.

Habari ile haikufukiwa. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Mzee Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu. Hakutuhumiwa kumtesa mtu kwa mkono wake. Aliondoka kwa sababu waliofanya yale walikuwa chini ya dhamana yake. Peter Siyovelwa, waziri aliyehusika na usalama, naye alijiuzulu, pamoja na wakuu wa mikoa yote miwili. Baadhi ya maofisa wa polisi na usalama walishtakiwa katika mahakama zetu wenyewe, wakatiwa hatiani na kufungwa.

Tukio lile lina mafunzo mawili. La kwanza, mahakama ya nyumbani inaweza kutenda haki, na iko karibu na wenye msiba. Mjane wa Kahama anaweza kusafiri hadi Mwanza, akasikilizwa na watu wanaoifahamu lugha yake na mazingira yake. La pili, kifungo kiliwafika maofisa, ilhali wakubwa walilipa kwa vyeo vyao. Kujiuzulu ni uungwana, na Mzee Mwinyi, Allah amrehemu, alikumbukwa kwa hilo hata alipofariki Februari 29, 2024. Hata hivyo, kujiuzulu si hukumu. Hakumtii mtu hatiani, wala hakumsafishi.

Hapo ndipo sheria ya kimataifa ilipoongeza jambo. Mahakama ya Rwanda iliyokaa Arusha iliweka wazi kuwa mkubwa anawajibika kijinai iwapo alijua, au alikuwa na sababu ya kujua, kwamba walio chini yake wanatenda uhalifu, naye asizuie wala kuadhibu. Mwaka 1998 mahakama hiyo ilimhukumu kifungo cha maisha Jean Kambanda, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Rwanda, baada ya yeye mwenyewe kukiri.

Lakini The Hague si mbadala wa mahakama zetu. Mkataba wa Roma, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2002, unairuhusu mahakama ile kuingia pale tu dola husika isipotaka au isipoweza kushtaki, tena kwa makosa makubwa mno. Vifo vya mahabusu wachache, hata viwe vichungu namna gani, huenda visifike huko kamwe. Wakenya nao wana somo. Februari 2009 Bunge lao lilikataa muswada wa kuunda mahakama maalumu ya ndani kuhusu machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007. Kesi zikaenda The Hague. Mashtaka ya Uhuru Kenyatta yakaondolewa Desemba 2014, na ya William Ruto yakasitishwa Aprili 2016. Wafiwa wengi hawakupata hukumu kule wala nyumbani.

Kwa hiyo mwenye kusema "hapa hapa" anajitwika mzigo. Mawaziri wetu hushtakiwa: mwaka 2015 Basil Mramba na Daniel Yona walitiwa hatiani mahakamani Kisutu kwa matumizi mabaya ya madaraka, katika msamaha wa kodi uliotolewa kwa kampuni iliyokagua uzalishaji wa dhahabu nchini, dhahabu itokayo kwa wingi kanda hii. Lakini Ibara ya 46 ya Katiba inamkinga Rais, hata baada ya kustaafu, asishtakiwe kwa aliyoyatenda kama Rais, isipokuwa aliyeondolewa na Bunge. Mlango wa nyumbani ukifungwa hivyo, tusishangae wananchi wakigonga mlango wa ugenini.

Waislamu tunakijua kisa cha mwanamke wa Bani Makhzum, aliyeombewa asamehewe wizi kwa utukufu wa ukoo wake. Mtume (S.A.W.) alilikataa ombi lile, akatahadharisha juu ya umma unaomwadhibu mnyonge na kumwacha mkubwa. Hatari hiyo haiondoki kwa kumpandisha mtuhumiwa ndege. Huondoka pale hakimu wa nyumbani anapokuwa huru kumwita mkubwa kwa jina lake, na mjane wa Shinyanga akiwa amekaa humo humo mahakamani akisikia.