Je, Wajua? Gololi, Koni na Habu ya Baiskeli

Habu ni kitovu cha gurudumu, pale spoki zote zinapokutana. Humo ndani mna vipuri vidogo vinavyobeba magunia ya mkaa, madumu ya maji na watu. Anayevijua hununua spea sahihi, na baiskeli yake hudumu.

Je, wajua kwamba habu mbili za baiskeli ya kawaida hubeba gololi 38? Mbele, kila upande huwa na 10 za inchi 3/16 (milimita 4.76), karibu sawa na punje ya choroko. Nyuma, kunakolemewa zaidi, kila upande huwa na 9 za robo inchi (milimita 6.35). Ukienda dukani, chukua gololi moja ya zamani iwe kipimo. Ya milimita 6 hufanana kwa macho na ya robo inchi, lakini haifai mahali pake.

Je, wajua kwamba gololi hazishindiliwi hadi zijae? Huachwa pengo dogo ili zipate kuviringika bila kusuguana. Ukiona nafasi imebaki baada ya kuzipanga, usiongeze nyingine.

Je, wajua kwa nini gololi hubadilishwa zote kwa pamoja? Mpya ni kubwa kidogo kuliko zilizolika. Ukitia moja mpya kati ya kuukuu, hiyo moja hulemewa na mzigo wa wenzake wote.

Je, wajua kwamba koni ya bei ndogo huokoa habu nzima? Gololi hukimbia kati ya koni, iliyofungwa kwenye ekseli, na bakuli lililogongomewa ndani ya habu. Koni hufunguliwa kwa spana nyembamba na kubadilishwa. Bakuli, kwenye habu nyingi, halibadilishwi. Koni ikiota vishimo huzitafuna gololi, nazo gololi hulitafuna bakuli. Bakuli likiharibika, habu imekufa, na kuweka mpya ni kufumua spoki zote na kuzisuka upya. Kwa hiyo koni yenye vishimo itupwe siku hiyohiyo unapoiona.

Je, wajua kwamba koni mbili zinazofanana huenda zisiingiliane na ekseli moja? Ekseli ya nyuma ya mtindo wa Kiingereza ina kipenyo cha inchi 3/8, yaani milimita 9.5, na hesi 26 kwa kila inchi. Ya Kijapani ina milimita 10, na hesi zake zimeachana kwa milimita 1. Peleka ekseli yenyewe dukani, ujaribu koni kwa mkono kabla ya kulipa.

Je, wajua kwamba baiskeli za zamani za Kiingereza zilikuwa na spoki 32 mbele na 40 nyuma? Kwa hiyo habu yenye matundu 36 haisukwi kwenye rimu hiyo ya 40. Hesabu matundu kwanza.

Je, wajua kwamba namba kwenye beringi iliyofungwa, yenye gololi zake ndani, ni lugha ya dunia nzima? 6000 huingia ekseli ya milimita 10, 6001 ya milimita 12, na 6902 ya milimita 15. Alama 2RS humaanisha ina mipira ya kuzuia vumbi pande zote mbili. Ukiwa na namba hiyo huhitaji jina la baiskeli.

Je, wajua kwamba gololi zilianza kung'ara kwenye mashindano? Mwaka 1869 fundi wa Paris, Jules Suriray, alipata hataza ya kuzitumia kwenye baiskeli. Novemba mwaka huohuo Mwingereza James Moore alishinda mbio za Paris hadi Rouen, kilomita 123, akiendesha baiskeli yenye gololi. Mwaka 1883, huko Schweinfurt, Ujerumani, Friedrich Fischer aliunda mashine ya kusaga gololi za chuma ziwe duara kamili, na bei yake ikawa ya kufikiwa na wengi.

Je, wajua kwamba vidole vyako ni kipimo tosha? Gurudumu la inchi 28 huzunguka mara 450 hivi kwa kilomita moja, kwa hiyo kasoro ndogo hujirudia mara nyingi. Liinue, lizungushe taratibu, ushike fremu. Ukihisi mkwaruzo, grisi imekwisha au gololi zimelika. Kisha tikisa rimu kushoto na kulia: ikicheza, koni imelegea. Ukaguzi huo ni wa dakika moja, na bakuli lisilo na spea hulindwa na dakika hiyo.