Homa ya Uti wa Mgongo kwa Watoto Palipoenea Virusi vya UKIMWI

Ubongo na uti wa mgongo wa binadamu hufunikwa na tando tatu nyembamba, na baina ya tando hizo hupita maji maangavu yaulindayo ubongo usitikiswe. Viini vya maradhi vikipenya hadi ndani ya maji hayo, tando huvimba, na mgonjwa hupatwa na ugonjwa uitwao kitaalamu meninjitisi, ambao wengi huujua kwa jina la homa ya uti wa mgongo.

Jina hilo hukumbusha milipuko ya kiangazi katika ukanda uanziao Senegali hadi Ethiopia, ambako kiini mashuhuri kimekuwa bakteria aitwaye meningokoki. Lakini katika nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, ambako virusi vya UKIMWI (VVU) vimeenea zaidi, sura ya ugonjwa huu ni nyingine. Mara nyingi hapatangazwi mlipuko wowote. Watoto huletwa hospitali mmoja mmoja, mwezi baada ya mwezi.

Mfano ni mji wa Blantyre, Malawi. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa watoto 602 waliotibiwa ugonjwa huu huko. Bakteria aitwaye numokoki alionekana kwa watoto wapatao 4 katika kila 10, na Hib kwa zaidi ya robo. Karibu theluthi moja ya waliopimwa walikuwa na VVU. Watoto 31 katika kila 100 walifariki, na dawa ya deksamethasoni, iliyotumainiwa kupunguza uvimbe, haikupunguza vifo hivyo.

Kwa nini numokoki atangulie? Bakteria huyu hukaa puani na kooni mwa watoto wengi wenye afya bila kuwadhuru. Amejifunika ganda la sukari, na chembe nyeupe za damu haziwezi kumkamata vizuri mpaka ganda hilo lishikwe na antibodi. Mtoto wa chini ya miaka miwili bado hana uwezo kamili wa kutengeneza antibodi za namna hiyo. VVU huuzidisha udhaifu huo: huharibu chembe za CD4, ambazo huongoza chembe nyingine za kinga, na huvuruga zile zitengenezazo antibodi. Hapo njia ya kutoka puani kwenda kwenye damu, na kutoka kwenye damu kwenda ubongoni, hubaki bila mlinzi wa kutosha. Hata mtoto asiyeambukizwa, ikiwa mama yake ana VVU, huenda akazaliwa na akiba ndogo ya antibodi, kwa kuwa zipitazo katika kondo la nyuma huwa pungufu.

Kiini kingine ni salmonela, si yule wa homa ya matumbo bali jamaa zake. Huingia katika damu ya watoto waliodhoofishwa na malaria, upungufu wa damu, utapiamlo au VVU. Hujificha ndani ya zile zile chembe zilizopaswa kummeza, na ndiyo maana matibabu yake huwa marefu na ugonjwa huweza kurudi.

Kifua kikuu nacho hufika ubongoni. Huja polepole, kwa siku nyingi au majuma, na aghalabu mtoto huwa ameambukizwa na mtu mzima anayeishi naye. Aidha, kuvu aitwaye kriptokoki hushambulia hasa watu wazima wenye VVU, ila watoto wakubwa kidogo hawasalimiki nao.

Kujua kiini ni jambo la lazima, maana dawa iuayo numokoki haiui kuvu wala kifua kikuu. Ndiyo sababu daktari huchota maji ya uti wa mgongo. Wazazi wengi huliogopa tendo hili, wakidhani kuwa humlemaza mtoto. Hofu hiyo haina msingi, kwa maana sindano huingizwa chini ya kiuno, mahali ambapo uti wenyewe wa neva umekwisha kukoma.

Dalili nazo huweza kudanganya. Mtoto mkubwa hulalamika kichwa na shingo hukakamaa. Mchanga huenda asionyeshe ila homa, kukataa kunyonya, kulegea, au utosi kutuna. Degedege likitokea, watu husema ni malaria au huliita la kienyeji, na saa za thamani hupotea. Wapo wanaopona wakiwa viziwi au wenye kifafa, kwa kuwa matibabu yalichelewa.

Kinga ipo. Malawi ilianza kutoa chanjo ya Hib mwaka 2002 na ya numokoki mwaka 2011. Kenya ilifanya hivyo mwaka 2001 na 2011. Katika chanjo hizi sukari ya ganda imeunganishwa na protini, ili hata kinga changa ya mtoto mchanga iweze kuitambua. Mwaka 2011 pia Malawi ilianza kuwapa wajawazito wote wenye VVU dawa za kutumia maisha yote, ili watoto wao wasiambukizwe. Kwa hiyo vita dhidi ya homa ya uti wa mgongo huanza mapema, kabla mtoto hajaugua: mama anapopimwa VVU na kutumia dawa, na mtoto anapokamilisha chanjo zake kwa wakati.